Tulikatazwa kumwita binti yetu "Mama", nusura tumpoteze: yaliyotukuta Birmingham

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini na mlio kitandani.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka yote nacheka na comments zenu halafu nalog out kimya kimya. Leo naandika mwenyewe kwa sababu jambo hili limenikaa kooni na halitaki kushuka.

Majina nimebadilisha. Tukio lenyewe sijalitia chumvi. Anayetaka kusema ni chai aseme, ila amalize kusoma kwanza.

Na kabla hamjanirukia kwamba naanika mambo ya mtoto mtandaoni: mwenyewe ameniruhusu. Nimemsomea yote, kuna sehemu kanifutisha, nikafuta.

Twende.

Tunakaa Castle Vale, mtaa wa hapa Birmingham, mimi, mume wangu na binti yetu mmoja. Mimi ni Mluguru wa Morogoro, nafanya kazi ya care, kuhudumia wazee majumbani. Mume wangu ni Mpare wa milimani kule Same, anaendesha forklift kwenye warehouse. Binti kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote mpaka umbea, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza cha Brummie, lafudhi ya hapa Birmingham.

Anaitwa Namkunda. Ni jina la mama mzazi wa mume wangu. Kwao, kama ilivyo kwa makabila mengi tu, binti wa kwanza anachukua jina la bibi mzaa baba. Na jina la ukoo ni lile lile. Kwa hiyo bibi na mjukuu majina yao yanafanana herufi kwa herufi.

Sasa mnajua ilivyo. Mtoto akibeba jina la mama yako humwiti kwa jina kavu kavu. Unamwita Mama.

Mume wangu alianza kumwita Mama akiwa bado kwenye shawl ya hospitali. Mimi nikawa namwita Mama mkwe kwa utani. Wageni wote wakija, "Mama hajambo?" Yaani jina la Namkunda lilikuwa la shule na la dentist tu.

Bibi mwenyewe kule Same alikuwa anamwita "somo". Kila Jumapili video call, "Somo!" na huku "Somo!", basi vicheko. Bibi alikuwa hana meno ya mbele, na alipenda kumwambia, "Mimi nikiondoka sijaondoka, wewe upo."

Maneno matamu kabisa. Kila bibi anayasema. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba mtoto anayaweka mahali.

Mwaka juzi bibi akafariki.

Simu ilimkuta mume wangu jikoni, anamenya viazi. Akaangusha kisu, akashika sinki, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanaume: "Mama amekufa! Jamani, Mama amekufa!"

Binti alikuwa ngazini anashuka. Namkumbuka kasimama na soksi mguu mmoja. Mimi nikakimbilia kwa mume wangu.

Msiba ukaja nyumbani kwetu, kama kawaida ya ugenini. Wakongo wa kanisani, Wakenya, Watanzania wa Great Barr, nyumba ikajaa masufuria. Na kila anayeingia, akishamaliza kumpa pole mume wangu, anamgeukia mtoto. "Pole Mama. Usilie, bibi hajafa, bibi ndiyo wewe."

Wote walikuwa wanafariji. Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Mume wangu akaenda kuzika peke yake, maana passport ya mtoto ilikuwa imeisha muda. Mazishi tukayaangalia kwenye simu, mimi na binti sebuleni, network inakata na kurudi. Nilikuwa nalia, sikuwa naangalia pembeni. Kosa la kibinadamu.

Mume aliporudi, akasimulia yote mezani. Nani kalia, nani hakuja, nguo za marehemu zimegawiwaje. Mtoto alikuwa pale, anakula kidogo kidogo.

Wakuu, baada ya hapo mtoto akaanza kupungua.

Sisemi mwili tu. Alipungua yeye. Sauti ikapungua, kicheko kikaisha. Akawa anakaa chumbani pazia limefungwa. Baba yake akiingia, "Shikamoo Mama", badala ya "Marahaba mwanangu" aliyozoea kumjibu kwa madaha, anamwangalia tu.

Nikasema ni umri. Kumi na tatu ni umri wa visirani.

Shule wakatupigia. Mwalimu wake alisema binti alimuuliza baada ya kipindi, kwa utulivu kabisa, kama mtu anaweza kuwa amekufa na mwenyewe hajajua.

Nilikaa chini kwenye ngazi za nyumba ya mzee ninayemhudumia. Nikamwomba mwalimu arudie. Akarudia.

Shule wakafanya referral, tukapangiwa kliniki ya afya ya akili ya watoto. Hapo katikati rafiki yangu wa kanisani, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mtu mwenye roho nzuri sana, akaniambia, "Dada, huyu mutoto, ni tate yake, ile bibi alikufaka, ndiye anamufata. Tumupeleke kwa pasta." Sitawaficha, nilikaribia kwenda. Mume wangu akakataa. Akasema mama yake alikuwa mzee wa kanisa, sio pepo.

Kliniki tukapewa kijana mmoja therapist, nitamwita Tom. Mpole, msikivu, sina neno baya juu yake. Session ya pili mume wangu akajisahau, akasema, "Mama, sogea hapa ukae." Tom akainua macho.

Akatuuliza kwa nini baba anamwita binti yake mama. Tukaeleza juu juu, unajua tena, kwa Kiingereza jambo lile linasikika la ajabu mpaka wewe mwenyewe unaona aibu. Tom akatafakari. Akatuambia kwa upole kwamba mtoto amebebeshwa nafasi ya mtu mzima. Baba anaomboleza kupitia kwake. Ushauri wake: tuache kabisa kumwita Mama, tumwite jina lake, tuweke boundaries, yaani mipaka, mtoto abaki mtoto.

Mume wangu alitoka pale amefura. Lakini ni mtu anayetaka mwanawe apone, akatii.

Tukaanza kumwita Namkunda.

Nawaambieni ukweli, mdomoni lilikuwa kama jina la mtoto wa jirani. Mume wangu alikuwa akilitamka anasita kidogo, kama anayeomba ruhusa. Binti alikuwa akilisikia anashtuka, mabega yanapanda juu. Mimi nikadhani ni mazoea, litapita.

Halikupita. Akaacha kula na sisi. Akaacha kutandika kitanda, kisha akaacha kukilalia, akawa analala kwenye zulia.

Sasa shikeni viti.

Jumamosi moja asubuhi nimetoka shift, naingia ndani, naona mifuko myeusi ya taka imepangwa korido. Mingi. Nikadhani mume wangu anasafisha stoo. Nikafungua mmoja.

Nguo za binti. Zimekunjwa vizuri, nzuri kuliko ninavyokunja mimi. Fungua wa pili, nguo zake. Uniform, viatu vya michezo, sweta la Krismasi, chupi, kila kitu. Kabati lake halina hata hanger yenye kitu. Yeye amekaa zuliani na nguo moja aliyovaa.

Nikamuuliza, Namkunda, hizi nguo za nini?

Alinijibu kwa Kiingereza, mimi nawawekea kwa Kiswahili. Alisema, "Ni za kugawa. Si ndivyo mnavyofanya?"

Nikatoa simu pale pale mlangoni, koti la kazi bado mwilini.

Nikapiga kliniki namba ya dharura. Yule wa simu akaniambia nimuulize binti moja kwa moja, bila kuzunguka, kama ana mpango wa kujidhuru. Na ninyi wenye watoto, jueni kwamba swali hilo linaulizwa, haliharibu kitu. Nikamuuliza.

Akasema, "Hapana Mum, sitafanya chochote. Imeshatokea."

Imeshatokea. Mpaka leo neno hilo halijanitoka kichwani.

Walituita siku hiyo hiyo, wakampima, wakatupa maelekezo ya kumlinda. Kisha tukapangiwa kikao na mkubwa wake Tom. Tukaambiwa tuje wote watatu.

Tunaingia, namwona mama mtu mzima wa Kihindi, Singasinga, nywele nyeupe kazifunga nyuma, cardigan ya kijani. Tom yuko pembeni yake. Nikajisemea haya, sasa na huyu tutaanza kumweleza upya kwa Kiingereza.

Yule mama akasimama akasema, "Karibu mama. Karibu baba. Habari ya nyumbani?"

Wakuu! Mume wangu aligeuka nyuma kuangalia nani kaongea.

Nitamwita Bi Harjit. Akatuambia, "Mimi nilizaliwa Nakuru. Tulihama nikiwa mdogo. Kiswahili yangu ni ya mtoto, mtanisamehe."

Na kweli kilikuwa cha mtoto. Hakuwa na maneno makubwa. Ndiyo maana akauliza maswali madogo, yale ambayo mtu mzima anaona haya kuyauliza. Akamwonyesha binti kwa mkono, akamuuliza mume wangu, "Huyu ni nani?"

"Ni binti yangu."

"Na nani tena?"

Mume wangu akaangalia dirisha. Akamwangalia Tom, kama mwanafunzi anayeogopa kukosea. Mwishowe akasema polepole, "Ni mama yangu."

Bi Harjit hakushtuka. Akaitikia kwa kichwa tu kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Akamgeukia binti, kwa Kiingereza sasa, akamuuliza yeye anajiona ni nani.

Binti akamwangalia baba yake kwanza.

Kisha mtoto akafunguka, na mimi nikajua maana ya kupigwa na radi umekaa kwenye kiti.

Alisema siku ya simu alimsikia baba akipiga kelele kwamba Mama amekufa. "Mama ni mimi. Hakuna mtu mwingine anaitwa Mama kwa Dad." Alisema siku ya mazishi, kwenye simu, aliona msalaba. Umeandikwa jina lake. La kwanza na la pili. Umesimikwa kwenye udongo, watu wanaimba. Halafu nyumbani watu wote wakamwambia bibi ndiyo yeye.

"Kwa hiyo nikajua kama bibi ndiyo mimi, basi aliyezikwa ni mimi. Lakini nilikuwa sina uhakika, kwa sababu Dad bado alikuwa ananiita Mama. Halafu siku moja mkaacha. Wote wawili. Ndiyo nikajua."

Sikulia. Nilishindwa hata kulia. Mume wangu aliweka uso magotini akawa anatoa sauti kama mtu anayekohoa. Tom alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

Yaani ushauri tuliopewa kumtua mtoto mzigo, yeye aliupokea kama matanga.

Bi Harjit akamsogezea mume wangu boksi la tishu. Kisha akauliza swali lingine dogo, hili alimuuliza mume wangu. "Kwenu, bibi akifa, na mtoto ana jina yake, mtoto anafanyiwa nini?"

Mume wangu akasema hakuna kitu, mtu anazikwa, basi. Aliondoka Same kijana, hajui. Halafu akatoa simu. "Ngoja," akasema, "nimpigie dada."

Tom akamwangalia bosi wake. Bosi akasema piga, weka loudspeaker.

Wifi yangu mkubwa, dada yake mume wangu, nitamwita Nanzia, alipokea yuko sokoni, kelele tupu. Mume wangu akamweleza kwa Kipare, mimi naambulia nusu. Ghafla wifi akahamia Kiswahili, kwa sauti ya kupasua simu:

"Hamkumtoa?! Mtoto hamkumtoa?"

Kumtoa nini, dada?

Ndipo akaeleza. Sisemi Wapare wote wana hili, msije kunipiga mawe, nasema ukoo wao. Bibi akifa, kila mjukuu mwenye jina lake anasimamishwa kaburini. Mkubwa wa ukoo anamwambia marehemu kwamba umeondoka, jina umetuachia, mtoto usiende naye. Mtoto anaitwa kwa jina lake mbele ya watu, anaitika. Kisha analishwa chakula pale pale, kwa sababu aliyekufa hali.

Wajukuu wawili walioko Same wenye jina lile walitolewa siku ile ile.

"Na huyu wa Ulaya?" mume wangu akauliza.

Kisha wifi akasema, na sauti imebadilika, "Tulimsahau, mdogo wangu. Hakuwepo machoni. Tulimsahau mtoto wa watu."

Akaanza kulia huko huko kati ya nyanya za watu.

Sasa mimi nilitegemea wale wataalamu wawili watatuambia mambo ya kimila ni ya nyumbani, hapa ni kliniki. Nilishajiandaa kujitetea. Bi Harjit akamwambia binti kwa Kiingereza kile ambacho shangazi amesema, neno kwa neno. Akamuuliza, wewe unataka? Akasema ukitaka itafanyika, usipotaka hakuna atakayekulazimisha, na kwa vyovyote sisi tutaendelea kukutana hapa kila wiki.

Binti akafikiri. Akauliza, "Inaweza kufanyika kwenye WhatsApp?"

Ndiyo mara ya kwanza mtu kucheka katika familia yetu kwa miezi.

Tuliifanya Jumapili mchana. Nilipika makande, mahindi nimeyapata duka la Wapakistani Alum Rock, nikayachemsha mpaka gesi ikaniomba msamaha. Mama Furaha alikuja, na hakutaja pasta. Wifi akatoka na simu mpaka kaburini, tukaona migomba, tukaona msalaba. Nilimshika binti mkono. Ulikuwa wa baridi kama chuma.

Wifi alisema na kaburi kwanza, kwa Kipare, akilitaja jina. Kisha akaigeuza simu, uso wake ukajaa screen nzima, akaita:

"Namkunda uliye hai, uko wapi?"

Huyu mtoto wangu Kiswahili hajawahi kunijibu hata akiwa na njaa. Akavuta pumzi.

"Abee, shangazi. Niko hapa."

Watu kule Same wakapiga vigelegele, huku baba yake akamlisha kijiko cha makande. Alitafuna. Akameza. Akaomba sahani.

Alikula kwa mikono yake mpaka akamaliza, sisi tumemkodolea macho kama tunaangalia penalti.

Wakuu, sitawauzia muujiza. Hakuamka kesho yake amepona. Kitandani alirudi baada ya siku kadhaa, nguo zilirudi kabatini kidogo kidogo, na kuna siku mbaya zilikuja bado. Therapy iliendelea karibu mwaka mzima. Yale makande bila zile session sijui tungefika wapi, na zile session bila makande nina hakika tusingefika.

Tom alituomba radhi. Alisema kweli aliona mtoto ana mzigo, ila hakuuliza umetoka wapi, akakimbilia kuukata kamba. Mume wangu akampa mkono. Binti aliomba aendelee na huyo huyo Tom, na ndiye aliyemaliza naye.

Bi Harjit alinieleza kwa Kiingereza siku moja korido, mimi nikimsubiri binti. Alisema taaluma yao tangu zamani inajua kwamba wazazi waliokufa wanaendelea kuishi ndani ya mtu, lakini wao wamezoea kuwatafuta ndani ya kichwa kimoja. "Kwenu bibi hakuwa ndani ya kichwa," akasema. "Alikuwa mezani, mnamwita kila siku, wote mnamjua. Sasa nikimfungia mtoto peke yake chumbani na mimi, nitampata wapi?" Siku hizi, anasema, kila familia inayoingia, ya Waingereza pia, anawauliza jina la mtoto limetoka kwa nani. Na kuna Waingereza wanalia.

Kuhusu kuitwa Mama, aliamua binti mwenyewe, mbele ya Tom, akimwangalia baba yake machoni:

"Ukiwa na furaha niite Mama. Ukiwa na huzuni niite Namkunda, halafu huzuni yako mpelekee mke wako."

Mpare mzima, na mnawajua Wapare kwa kubishana, alijibu neno moja tu. "Sawa."

Nilichojifunza mimi sio kwamba wazungu hawajui, wala sio kwamba mila zinatosha. Mila ilikuwepo na ilimsahau mtoto wangu. Kliniki ilikuwepo na haikumuuliza. Na sisi wazazi tulikuwa katikati, kila upande tunaona aibu kuutaja kwa mwenzake. Ukienda kwa therapist usimpe habari za nyumbani zilizochujwa ili zisikike za kisomi. Mpe zote. Akishangaa, ashangae, akuulize tena.

Nawaachia jukwaa. Kwenu mwenye jina akifariki, watoto waliorithi jina lake wanafanyiwa nini? Wahaya, Wajaluo, Wakikuyu, Wakongo, Wamakonde, semeni, nasoma zote. Wenye ujuzi wa saikolojia pia karibuni, mkosoe mnapoona nimekosea.

Na wewe mwenye mtoto ugenini aliyebeba jina la marehemu: kabla hujaandika comment, nenda chumbani kwake ukamuulize anadhani ni nani aliyezikwa.